Gari la Dizeli na Safari Fupi

Leo sitazungumza juu ya mbolea wala chanjo ya kuku. Nataka tuzungumze juu ya gari, lile gari la dizeli la kikundi au lako mwenyewe, linalobeba maziwa, viazi au majani ya ng'ombe kutoka hapa hadi pale tu. Na nianze kwa kukiri kosa, maana kosa lenyewe ni langu.

Mwaka 2020 kikundi kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kilipata mkopo wa kununua pikapu. Wengi wao ni akina mama. Walikuwa wamechoka kubeba madumu kichwani alfajiri, na maziwa ya jioni yalikuwa yakifika kituoni yamekwisha kuchacha. Walinijia kuomba ushauri. Pikapu waliyoiona ilikuwa ya dizeli, iliyotumika nje, iliyoundwa mwaka 2012, safi kabisa. Nikawauliza, kutoka kijijini hadi kituo cha kupoozea maziwa ni umbali gani? Wakasema kilomita mbili na nusu. Nikacheka, nikawaambia: "Nunueni. Kwa safari fupi kama hiyo gari halitachoka hata baada ya miaka kumi."

Niliwaza kama mtu anavyowaza juu ya ng'ombe wa kukokota jembe. Ukimfanyisha kazi kidogo na kumpumzisha sana, atadumu. Lakini injini ya dizeli si ng'ombe. Gari lile liliharibika mwezi Juni 2021, miezi 15 tu baada ya kununuliwa, na lilikuwa halijatembea hata kilomita 5000 tangu siku lilipofika kijijini.

Sasa tuone lilikufaje, maana kuna wakulima wengi wanaoua magari yao kwa njia hiyo hiyo huku wakidhani wanayatunza.

Injini ya petroli huwasha moto wake kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Yule Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilionekana mwaka 1897 mjini Augsburg, alitumia njia nyingine: kuibana hewa ndani ya silinda kwa nguvu nyingi mpaka ipate joto la zaidi ya digrii 500, kisha kunyunyiza mafuta ndani yake yawake yenyewe. Kwa hiyo kila kitu hutegemea joto. Injini ikiwa ya baridi, chuma cha silinda hunyonya lile joto, na mafuta hayaungui yote. Sehemu hutoka nje kwa bomba ikiwa moshi mweupe wenye harufu kali. Sehemu hugeuka masizi. Na sehemu nyingine hubaki ikiwa majimaji, hutelemka kwenye kuta za silinda, ikaosha ule utelezi wa oili, ikapita kwenye ringi za pistoni na kuingia katika oili chini.

Hiyo ni dizeli. Kuna na maji. Watu wengi hawajui kwamba dizeli ikiungua hutoa maji. Lita moja ya dizeli ikiungua yote hutoa maji karibu lita moja, ila yanatoka yakiwa mvuke ndiyo maana huyaoni. Fikiria sufuria ya maji uliyoibandika jikoni na kuifunika. Mwanzoni, kifuniko kikiwa baridi, matone hujikusanya upande wa chini na kudondoka tena ndani. Kifuniko kikisha pata moto sawasawa, mvuke unatoka nje moja kwa moja. Injini nayo ni vivyo hivyo. Ikiwa baridi, mvuke unaopenyeza kwenda chini hugeuka maji na kuchanganyika na oili. Ikipata moto kamili na kuendelea kwa muda, maji yale hukauka na kutoka. Sasa wewe ukiiwasha, ukaenda dakika sita, ukaizima, umetia maji na hukuyakausha. Jioni unatia mengine. Maji hayo yakikutana na salfa iliyomo katika dizeli hutengeneza tindikali inayokula vyuma. Ni kweli kwamba nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na jambo hilo limesaidia sana. Lakini maji yenyewe hayajapunguzwa na sheria yoyote.

Utaniuliza, injini hupata moto kamili baada ya muda gani? Usiutazame mshale wa joto peke yake. Mshale ule unapima maji ya radieta, na maji hupata moto mapema. Oili huchelewa. Mshale ukifika mahali pake, oili bado inahitaji mwendo mwingine. Na injini ya dizeli, kwa kuwa haipotezi joto ovyo kama ya petroli, huchelewa zaidi kupata moto. Asubuhi ya mwezi Juni au Julai huku juu, wakati umande unaganda kwenye majani, kilomita mbili na nusu si kitu. Pikapu ya akina mama wale ilikwenda kituoni, ikazimwa saa nzima wakati maziwa yanapimwa, ikarudi. Jioni hivyo hivyo. Kilomita 10 kwa siku, na injini imewashwa ikiwa baridi mara nne. Nadhani tangu inunuliwe haikupata moto sawasawa hata mara ishirini.

Hapa niseme neno moja juu ya mafundi wetu, kwa heshima. Mafundi wengi wana desturi ya kuitoa thamostati na kuitupa, wakisema kwamba nchi yetu ni ya joto na kile kidude kinachemsha injini. Thamostati ni kama mlango. Huzuia maji yasiende kwenye radieta mpaka yafikie joto la digrii 80 na kitu, ndipo hufunguka. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye radieta tangu dakika ya kwanza, na injini haipati moto kabisa. Thamostati mbovu ibadilishwe, isiondolewe. Ili kujua kama gari lako linayo, liwashe likiwa baridi, kisha uguse mpira wa juu wa radieta baada ya dakika mbili tatu, ukiwa mbali na feni. Mpira ubaki baridi kwa muda, halafu baadaye ushike moto kwa ghafula. Kama unapata uvuguvugu pole pole tangu mwanzo, na mshale hauinuki barabarani, yawezekana thamostati haimo au imekwama wazi. Na usifungue kifuniko cha radieta ya moto ili kuchungulia.

Tuendelee. Gari lile lilikuwa na kitu kingine ambacho mimi, bwana shamba, sikukijua wakati ule, wala aliyeliuza hakukisema. Lilikuwa na chujio la masizi kwenye bomba la moshi.

Magari ya zamani ya dizeli hayana chujio hilo. Yanatoa moshi mweusi tu, na maisha yanaendelea. Lakini kule Ulaya, sheria ya moshi iliyoanza mwaka 2009 ilifanya karibu kila gari dogo jipya la dizeli liwe nalo, na Japani nayo ilikwisha kubana moshi wa dizeli kabla ya hapo. Magari hayo sasa yanatufikia sisi yakiwa yametumika. Chujio hilo ni kama sega la nyuki la udongo mgumu, lenye matundu mengi madogo. Moshi hupita, masizi hubaki. Sega likianza kujaa, inabidi masizi yachomwe humo humo ndani yawe majivu kidogo. Gari likienda barabara kuu kwa mwendo mzuri, bomba hupata joto na masizi huungua pole pole yenyewe. Yasipoungua, kompyuta ya gari huamua kuyachoma: inanyunyiza dizeli ya ziada ili bomba lipate joto la digrii 600 hivi. Kazi hiyo yataka dakika 15 au 20 za mwendo bila kuzima.

Sasa mtu wa dakika sita atafanyaje? Gari linaanza kuchoma masizi yake, linazimwa. Kesho linaanza tena, linazimwa. Katika magari mengi ile dizeli ya ziada hunyunyizwa ndani ya silinda, na inaposhindwa kwenda kuungua kwenye bomba, nyingine hutelemka chini kwenye oili. Masizi hayapungui, na oili inazidi kuwa nyepesi.

Dereva wa kikundi, kijana mwenye bidii, alikuwa akipima oili kila Jumatatu kama nilivyomfundisha. Siku moja aliniambia kwa furaha: "Bwana shamba, gari letu halili oili hata kidogo. Tena inaongezeka!" Mimi nikatania kwamba ni kama chupa ya yule mjane wa Sarepta. Ndugu mkulima, oili haiongezeki. Oili ikizidi alama ya juu kwenye kijiti na hujaiongeza wewe, kuna kitu kimeingia. Inusa. Isugue kati ya vidole viwili. Ikinuka dizeli na kuteleza kama maji, usiendelee kuitumia, imwage. Ikiwa nyeupe kama uji, ni maji, na pengine gasketi ya kichwa cha injini imekwisha, ijapokuwa uji kidogo chini ya kifuniko cha oili huenda ukawa ni wa zile safari fupi tu. Oili iliyochanganyika na dizeli haiwezi kubeba uzito wa vyuma, beringi zinalika. Na ikizidi sana, injini ya dizeli inaweza kuivuta oili hiyo na kuitumia kama mafuta, ikanguruma yenyewe hata ukizima ufunguo. Sijaliona jambo hilo kwa macho, na wala sitaki kuliona.

Taa ya manjano ilikwisha kuwaka tangu mwezi Februari. Fundi mmoja wa mjini alisema ni sensa tu, akaizima kwa mashine yake. Ilipowaka tena dereva alibandika kipande cha karatasi juu yake isimsumbue usiku. Na kuhusu kubadili oili, walikuwa wakingoja kilomita 5000 kama walivyoambiwa. Kilomita hazikutimia, lakini ile oili ilikuwa na mwaka na ushei.

Siku yenyewe ilikuwa jioni. Gari lilikuwa na lita 180 za maziwa. Lilianza kugonga chini, likakosa nguvu kwenye kilima, likazimika. Walijaribu kuliwasha mpaka betri ikalala. Hakuna aliyekuwa na simu yenye salio la kumwita mtu upesi, na maziwa hayangoji. Yalipofika kituoni saa tatu usiku kwa pikipiki, dumu moja moja, mengi yalikataliwa kwenye kipimo. Mengine waligandisha mtindi, mengine waliwapa nguruwe. Nilipofika asubuhi, mama mwenyekiti alinisalimia vizuri kwanza, akanikaribisha kigoda, ndipo akauliza: "Bwana shamba, si wewe uliyesema gari hili halitachoka?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, ni mimi." Injini ilifumuliwa. Walilipa fedha ambazo zingenunua mitamba miwili.

Basi tufanyeje? Kwanza, kabla hujanunua, hesabu safari zako. Kama kazi yote ya gari ni kilomita mbili au tatu, mimi sasa nasema wazi: usinunue dizeli yenye chujio la masizi. Pikipiki ya magurudumu matatu ya mizigo, au mkokoteni wa punda kama njia inaruhusu, vitakufaa zaidi na kwa fedha kidogo. Ukitaka gari, la petroli huvumilia safari fupi vizuri kuliko dizeli, ijapokuwa nalo halizipendi. Muulize anayeuza, tena mbele ya fundi aliyelala chini ya gari: chujio limo? Na kama halimo wakati gari lilitengenezwa nalo, liliondolewa na nani?

Maana wapo wanaolikata. Fundi atakuambia tunalikata, tunaunganisha bomba, tunaidanganya kompyuta, umekwisha. Mimi siwashauri. Moshi ule ambao ungebaki kwenye sega unakwenda vifuani mwa watoto wanaopanda nyuma, na ile dizeli na yale maji yanayoingia kwenye oili kwa sababu ya baridi hayazuiliki kwa kukata bomba. Umeondoa tatizo moja la safari fupi, mengine yote yamebaki.

Kama gari unalo tayari, liunganishie safari. Kikundi kile sasa hakilitumi gari mjini kwa pumba siku moja na kwa dawa siku nyingine. Kila siku ya soko, gari likisha peleka maziwa ya asubuhi, haliruhusiwi kuzimwa muda mrefu. Linaendelea moja kwa moja hadi mjini, kilomita 40 za lami, linachukua pumba, mashudu na chumvi, linarudi. Hapo injini inapata moto kweli, maji yanakauka, masizi yanaungua, betri inajaa. Kwa siku za kawaida wamepunguza kuzima. Zamani dereva alikuwa akizima kila penye mkusanyiko wa madumu. Sasa madumu yote yanangojea mahali pawili tu.

Wengine wanasema, mimi nitaliwasha asubuhi na kuliacha lingurume nusu saa pale uani mpaka lipate moto. Hapana, ndugu yangu. Injini ya dizeli ikinguruma bila kazi huchoma mafuta kidogo mno, haipati moto, na hujaa masizi zaidi. Washa, ngoja taa ya oili izimike na injini itulie, si zaidi ya dakika moja, kisha ondoka pole pole bila kuikanyaga sana mpaka mshale uinuke. Injini hupashwa moto na kazi.

Na hapa jihadhari na jambo moja ambalo mafundi wa mjini hawalifikirii. Gari linapochoma masizi bomba lake huwa la moto sana. Utajua kwa dalili: injini ikisimama hunguruma juu kidogo kuliko kawaida, feni inaendelea kuzunguka hata baada ya kuzima, na unasikia harufu ya kitu kinachoungua. Wakati huo usiliegeshe juu ya majani makavu, wala ndani ya banda la nyasi, wala kwenye mabua ya mahindi. Wakati wa kiangazi utapoteza gari na akiba yote ya malisho ya ng'ombe.

Oili ibadilishe kwa miezi, si kwa kilomita tu. Vitabu vingi vya waundaji huita safari fupi matumizi magumu, na huagiza muda upunguzwe nusu. Kwa pikapu kama ile, mimi ningebadili kila miezi minne, kilomita ziwe zimetimia au la. Na kama gari lina chujio la masizi, nunua oili iliyoandikwa kwenye kitabu chake, ile isiyoacha majivu mengi, maana majivu hayaungui na hujaza chujio moja kwa moja.

Betri. Stata ya dizeli hula umeme mwingi, na hita za kuwashia nazo hula. Dakika sita hazitoshi kuurudisha. Betri inayoishi nusu tupu hugandamana ndani, ikafa mapema. Ukiwa na kipimo cha umeme, betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, na injini ikinguruma isome karibu 14. Ule ungaunga mweupe wa kijani kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya moto. Ongeza maji yaliyosafishwa ya betri, si asidi.

Tanki lisilale nusu tupu katika usiku wa baridi, kwa sababu hewa iliyomo hutoa jasho na jasho huwa maji. Yale maji yaliyojikusanya chini ya chujio la dizeli fungulia yatoke kila mwezi.

Haya yote si ya pikapu peke yake. Trekta la kuwashwa ili lisogeze tela hatua mia moja linaumia vivyo hivyo. Na wewe mwenye mashine ya kusaga, unayeiwasha kwa ajili ya debe moja la mtoto aliyetumwa, halafu unaizima, halafu anakuja mwingine: panga saa za kusaga, wateja wakusanyike, mashine ikisha pata moto ifanye kazi mfululizo na kwa nguvu. Kuisagisha debe debe kutwa kunazifanya kuta za silinda kuwa laini kama kioo, na oili inaanza kupanda juu na kuungua.

Pikapu ya akina mama wale ingali inakwenda. Kwenye usukani imening'inizwa daftari ndogo yenye safu nne: tarehe, kilomita, kimo cha oili kwenye kijiti, na siku ya mwisho ya safari ndefu. Karatasi ile juu ya taa ya manjano niliibandua mimi mwenyewe. Wewe kesho alfajiri, kabla hujawasha na gari likiwa mahali tambarare, chomoa kile kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena, halafu ukinuse.